Nani Alisafisha Kiwanja? Ndege za Vita Kuu ya Kwanza, kutoka Mafia hadi Kondoa

(Mhadhara kwa wananchi, Mungaa, Singida)



Mada niliyopewa ni historia ya kiwanja cha ndege cha kijeshi cha wakati wa vita. Aliyetarajia nianzie hapa Mungaa anivumilie kidogo, maana kiwanja nitakachokizungumzia kilikuwa kisiwani Mafia, na kutoka huku kwetu hadi huko ni safari ya kuvuka nusu ya nchi. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa viwanja vya mwanzo kabisa kutengenezwa kwa ajili ya vita katika ardhi ya Tanzania. Pili, mizinga iliyowindwa kwa ndege za kiwanja kile haikuishia pwani. Ilikuja kunguruma Kondoa, kwa jirani zetu, na ndege nazo zikafuata.

Ninalotaka kulisema leo ni moja tu. Tumezoea kusoma kwamba ndege ni chombo kilichomwinua binadamu kutoka katika taabu za ardhini. Katika vita vile, hapa kwetu, haikuwa hivyo. Ndege haikumpunguzia mpagazi mzigo wake. Ilimwongezea.

Tuanze na manowari, kwa sababu bila manowari kiwanja kisingekuwapo. SMS Königsberg ya Wajerumani ilifika Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache kabla ya vita. Nahodha wake aliitwa Max Looff, na mizinga yake mikubwa ilikuwa 10, yenye mdomo wa milimita 105. Vita vilipoanza Agosti ilikwishatoka bandarini, ikaikamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, upande wa Aden. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba ikatokea Unguja. Ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga huku mashine zake zikitengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama mbele ya macho ya watu wa mji. Mabaharia waliokufa wako makaburini hadi leo katika kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na Mji Mkongwe.

Baada ya hapo Königsberg nayo ikaugua mashine. Makaa ya mawe yalikuwa haba na bahari imejaa adui. Ikaingia katika delta ya Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko. Waingereza waliihangaikia wiki nyingi. Tarehe 30 Oktoba manowari yao Chatham ndiyo iliyoiona milingoti ikichomoza juu ya miti. Kuiona lilikuwa jambo moja, kuifikia lilikuwa jambo jingine. Anayeijua Rufiji anajua maji yake: mito inapasuka vijito, vijito vinapasuka vijito, maji yanakupwa na kujaa, na mchanga unahama. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, na mizinga yao haikufika. Na hata mzinga ungefika, nani angewaambia mabaharia walio nje kwamba kombora limeangukia tope au limeangukia chuma? Hapo ndipo jicho la angani lilipohitajika.

Rubani wa kwanza kuitwa hakuwa askari. Alikuwa raia, H. D. Cutler, aliyekuwa akirusha ndege huko Durban, Afrika Kusini. Ndege yake ilikuwa ya kuelea majini, ya kampuni ya Curtiss, na kituo chake kilikuwa kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Alianza kuruka Novemba 1914. Safari ya kwanza akapotea, akalazimika kutua kwenye kisiwa kingine. Rejeta ya injini ilipomharibikia, Waingereza walitafuta ya gari la Ford huko Mombasa wakamletea, akaifunga, akaruka tena. Aliiona Königsberg na akarudi na habari. Lakini Desemba injini ikamfia juu ya mdomo wa mto, akashuka majini, Wajerumani wakamteka.

Februari 1915 zikaletwa ndege nyingine za majini, aina ya Sopwith. Jua la Mafia likazishinda. Gundi iliyoshika mbao ililainika, pangaboi zikapinda, na injini hazikuwa na nguvu ya kuinua rubani, mwenzake, petroli na bomu kwa pamoja katika hewa ile ya joto ya pwani. Aprili zikaja ndege aina ya Short kutoka Bombay, nzito na kuukuu, lakini ziliruka. Rubani John Cull aliipita Königsberg kwa chini, akarudi na picha zake. Picha zilionyesha kwamba meli iko hai, imepakwa rangi na imefungwa vizuri kati ya miti. Risasi za Wajerumani nazo zilionyesha kwamba ndege inayopita chini vile haitadumu.

Kufika hapo uamuzi ukawa mmoja: zitafutwe ndege za magurudumu, zinazopaa haraka na kwenda juu zaidi. Na ndege ya magurudumu inataka ardhi.

Ardhi ilikuwapo. Tarehe 10 Januari 1915 Waingereza walikuwa wameshusha askari Ras Kisimani, Mafia, na baada ya mapigano ya Ngombeni kisiwa kikawa mikononi mwao ndani ya siku mbili. Wanajeshi hao walikuwa hasa Waafrika wa King's African Rifles, pamoja na Wahindi. Kwa hiyo Mafia, kisiwa cha wavuvi na minazi, kikageuzwa kambi ya wanamaji, na sehemu ya ardhi yake ikasafishwa iwe kiwanja cha ndege.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu vitabu vya vita vinapita haraka sana mahali hapa. Husema kwa sentensi moja tu kwamba kiwanja kilitayarishwa, kisha vinaendelea na marubani. Kutayarisha kiwanja mwaka 1915 kulikuwa kazi ya aina gani? Hapakuwa na tingatinga. Ndege za wakati ule zilikuwa nyepesi, fremu ya mbao au bomba za chuma iliyovikwa kitambaa, na magurudumu yake yalifanana na ya baiskeli. Shimo la panya buku lingetosha kuvunja mguu wa ndege, na kisiki kilichoachwa kimo cha kiganja kingeipindua. Kwa hiyo ilibidi mti ukatwe, kisiki king'olewe na mizizi yake, shimo lijazwe na udongo ushindiliwe. Ilibidi pia mwelekeo wa upepo ufuatwe, maana ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, na pwani yetu ina pepo mbili kwa mwaka, kusi na kaskazi. Ilibidi pembeni pajengwe mabanda, kwa sababu ndege ya kitambaa ikilala kwenye mvua na jua haitaamka. Na baada ya yote hayo, majani ya nchi za joto hayangoji: ukikiacha kiwanja wiki chache wakati wa masika, unaanza upya. Kila hatua hapo ni jembe, panga, shoka na mikono. Mikono hiyo haikuwa ya marubani.

Juni 1915 ndege za magurudumu zikafika: mbili za Caudron na mbili za Henri Farman. Farman zilikuwa na fremu ya chuma, ili jua lisizipinde kama lilivyozipinda Sopwith. Mwezi huo huo, tarehe 3, zilikuwa zimefika Mafia meli mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa meli bapa zenye mizinga mikubwa, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, kisha Waingereza wakazichukua vita vilipokaribia. Zilikokotwa kutoka Malta kupitia Suez mpaka huku. Hizo zingeweza kuingia mtoni, na ndege zingekuwa macho yake. Wakafanya mazoezi karibu na Mafia: meli inapiga, ndege inatazama, ndege inatuma habari kwa simu ya upepo. Chombo cha ndani ya ndege kiliweza kutuma tu, hakikuweza kupokea. Mtazamaji alibonyeza herufi za kimorsi: mbele mno, nyuma, kulia, kushoto, imepata. Kabla ya siku ya shambulio ndege mbili kati ya nne zilikwishaharibika. Zikabaki Caudron moja na Farman moja.

Tarehe 6 Julai alfajiri zikapaa kutoka Mafia. Moja ilikwenda kuangusha mabomu ili kuwashughulisha Wajerumani, nyingine ikawa juu kuelekeza mizinga. Siku nzima walipigana. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji wao waliojificha mikokoni, wenye simu ya waya, na makombora yao yaliipata Mersey na kuua watu. Jioni Waingereza wakarudi nyuma bila kumaliza kazi. Wakarudia tarehe 11. Siku hiyo Cull aliruka na mtazamaji wake, Arnold. Makombora ya Severn yalianza kuangukia mahali pake, Arnold akituma herufi zake, ndipo ndege ikapigwa kwenye injini. Wakawa wanashuka, na katika kushuka huko Arnold aliendelea kutuma masahihisho, makombora yakazidi kuifikia meli. Wakaangukia mtoni, ndege ikapinduka, mashua ya Mersey ikawaokoa. Mchana huo Looff akaamuru Königsberg ilipuliwe.

Hadithi ya marubani hawa ni ya ushujaa, na sina nia ya kuipunguza. Lakini angalieni kilichofuata. Wajerumani walirudi kwenye mabaki wakaitoa mizinga yote 10. Karakana ya reli Dar es Salaam ikaitengenezea magari ya magurudumu, na mizinga ya baharini ikawa ya nchi kavu. Mmoja ulipanda meli ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ile tunayoiita leo Liemba. Mingine ilitawanywa nchi nzima. Kwa maneno mengine, ushindi wa Rufiji uliinyang'anya bahari manowari moja na kuipa bara mizinga 10, na mingi yake ilivutwa kwa kamba na watu kwa mamia, juu ya milima na ndani ya matope.

Sasa tunakaribia kwetu. Baada ya Rufiji, kikosi cha Cull kilihamishiwa Maktau, kwenye reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta. Mwanzoni mwa 1916 kikaongezewa kikosi cha ndege cha 26, kilichokuwa na Waafrika Kusini wengi, na kituo chake kikawa Mbuyuni, jirani na hapo. Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, aliposonga mbele kufuata mto Pangani, kila jeshi lilipopiga kambi palisafishwa kiwanja kipya, na jeshi lilipoondoka kiwanja kiliachwa. Ndivyo vilivyozaliwa na kufa viwanja vingi vya vita vile: vilidumu wiki kadhaa, halafu pori likarudi.

Tarehe 19 Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa jeshi la Smuts aliingia Kondoa Irangi na wapanda farasi wake. Mvua ikamfungia njia nyuma. Mei, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akamshambulia, na mzinga wa Königsberg ukawa miongoni mwa silaha zilizompiga pale. Ndege za Waingereza nazo zikafika Kondoa kumsaidia. Mzinga uliokuwa umejificha mikokoni na jicho lililoutafuta vikakutana tena, safari hii katika nchi ya mtama na ng'ombe. Mwisho wa Julai van Deventer akaichukua Dodoma na reli, na mwanzoni mwa Agosti askari wake wakaingia Singida.

Ndege ya Kondoa ilikula nini, na chakula chake kilifikaje? Petroli ya wakati huo ilisafiri katika madebe ya lita 18, mawili katika kasha moja la mbao. Debe moja la petroli lina uzito wa kilo 13 hivi, kwa hiyo kasha zima linakaribia kilo 30, na huo ni mzigo kamili wa mtu mmoja, hata kupita. Injini za aina ya Gnome zilizofungwa katika ndege nyingi za wakati ule zilikunywa takriban madebe mawili kwa saa moja ya kuruka. Juu ya petroli zilitaka mafuta ya nyonyo, haya ya mbarika tunayoyajua, maana injini ile ilikuwa inazunguka nzima na mafuta yake yakitapikwa nje bila kurudi. Basi saa moja ya rubani kukaa angani ilikuwa kichwa cha mpagazi mmoja kwa petroli, na sehemu ya kichwa cha mwingine kwa mafuta. Hapo bado bomu, kitambaa, pangaboi za akiba na vyuma vya fundi.

Mtauliza, magari yalikuwa wapi? Yalikuwapo, na mvua ikiwapo yalizama matopeni. Farasi na ng'ombe je? Mbung'o aliwamaliza kwa maelfu. Kila mnyama alipokufa na kila gari lilipokwama, mzigo ulirudi pale pale ulipokuwa tangu zamani za misafara: kichwani. Na mpagazi naye anakula. Akila kilo moja ya nafaka kwa siku, mzigo wa chakula wa kilo 25 unamtosha mwenyewe siku 25, kwenda na kurudi, na hafikishi kitu. Ndiyo maana msafara wa kupeleka makasha ulihitaji msafara mwingine wa kupeleka chakula cha wabeba makasha. Wanaume walikamatwa vijijini na pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, na ghala za nafaka zikafagiliwa. Makadirio ya wanahistoria kuhusu wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake yanapita 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa, wachache kwa risasi. Kwa Wagogo, jirani zetu wa mashariki, vita viliacha njaa wanayoiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Jeshi lilikula mbegu na likaondoka na mikono ya kulima.

Wajerumani nao waliota ndege yao. Novemba 1917 walirusha kutoka Jamboli, Bulgaria, chombo kikubwa cha gesi, L59, kikiwa na tani 15 za dawa, risasi na mahitaji ya von Lettow. Hakikukusudiwa kurudi: kitambaa chake kingeshonwa nguo na mifupa yake ingetumika kujengea. Kilifika juu ya Sudan, upande wa magharibi wa Khartoum, kikaamriwa kugeuka. Kilikuwa angani saa 95 na kilisafiri karibu kilomita 6,800 bila kutua. Wanaosimulia vita hupenda sana hadithi hii. Lakini siku zile zile, chini, tani nyingi zaidi ya hizo 15 zilikuwa njiani kwa miguu, na hakuna aliyeandika ni saa ngapi au kilomita ngapi.

Vita vya pili vilikuja na viwanja vya namna nyingine. Jeshi la majini la Uingereza lilifanya kiwanja cha Tanga kuwa kituo chake cha ndege, na katika orodha zao kiliitwa HMS Kilele. Dar es Salaam na Mombasa zilipokea ndege za Catalina zilizowinda nyambizi. Agosti 1943 ndege za aina hiyo ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani, U-197, kusini mwa Madagascar. Viwanja hivyo vilikuwa na reli na bandari karibu, vikabaki na kuingia katika matumizi ya raia. Viwanja vya 1916 havikuwa na kitu isipokuwa watu, na watu walipoondoka havikubakia.

Nani anakumbukwa? Dar es Salaam ipo sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ni ya askari mwenye bunduki. Nairobi ipo nyingine ya wakati huo huo, na humo angalau mpagazi amesimama pamoja na askari. Fort Jesus, Mombasa, ukienda utaonyeshwa mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus. Marubani wana vitabu vyao na nishani zao. Aliyeng'oa kisiki cha Mafia hana kitu.

Kuna watakaosema: hayo ni ya zamani, na majina yamepotea kwa sababu hayakuandikwa. Siikubali hoja hiyo, na sikubaliani nayo hasa nikiwa Mungaa. Hapa Makiungu mnamkumbuka Liti Kidanka na nyuki wake aliowatuma kwa Wajerumani. Hakuna aliyewapa kitabu ili mumkumbuke. Mlisimuliana, babu kwa mjukuu, mpaka jina lake likafika uwanja wa mpira wa Singida mjini. Kumbukumbu ikitunzwa hudumu bila karatasi. Ikikosa wa kuiuliza ndipo hufa.

Kwa hiyo ninamaliza na ombi kwa walimu na wanafunzi wa hapa. Waliobeba mizigo mwaka 1916 hawapo, lakini wajukuu zao wapo, wazee wa miaka 80 na zaidi. Waulizeni: katika ukoo wenu nani alichukuliwa na jeshi? Alipelekwa upande gani? Alirudi? Alibeba nini? Shamba lake lililimwa na nani? Andikeni jina, ukoo, kijiji na jina la aliyewasimulia, mhifadhi nakala shuleni na nakala katika ofisi ya kata. Wenzenu wa Mafia, Rufiji na Kondoa wafanye hivyo hivyo. Kisha, siku serikali au chuo chochote kitakapotaka kuweka kibao Mafia kusema hapa palikuwa na kiwanja cha ndege cha vita, tutakuwa na haki ya kudai kwamba chini ya majina ya Cull na Arnold yaandikwe majina mengine, na tutakuwa nayo mkononi.